Kiwanja Kilichofungwa kwa Sababu Zinazojulikana

Msiitafute nchi hii kwenye ramani. Waliowahi kuitafuta waliulizwa wanaitafutia nini, na mpaka leo hawajatoa jibu la kuwaridhisha waulizaji. Itoshe kusema kwamba ipo, ina bendera, ina wimbo wenye beti nyingi, na upande wake wa kaskazini kabisa, mahali ambapo lami huchoka ikageuka changarawe, changarawe ikageuka mchanga, na mchanga ukageuka matumaini, upo mji mdogo uitwao Dirkalo.

Katika mji huo alikuwapo tabibu mmoja, Dabaso Wario. Watu walimwita Daktari, kwa sababu daktari mwenyewe aliyepangiwa Dirkalo alikuwa bado njiani, na alikuwa njiani tangu serikali iliyopita. Dabaso alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kumtazama mtu hadi amalize kusema, kisha kuendelea kumtazama kidogo, kana kwamba labda kuna neno limebaki. Alizaliwa hapohapo, na alikuwa akinywa maziwa ya ngamia wa Lokho, mwanamke wa jirani, karibu kila asubuhi.

Hospitali yake iliitwa Hospitali Kuu ya Umoja wa Kaskazini. Ilikuwa na geti, bendera, jiwe la msingi na kiwanja cha helikopta. Chumba cha upasuaji kiliachwa kwa awamu ya pili, na awamu ya pili iliachwa kwa awamu ya tatu. Kiwanja ndicho kilichojengwa kwanza, maana Waziri aliyekuja kuweka jiwe la msingi alihitaji mahali pa kushukia. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Shirika moja la misaada lilipata habari kwamba Dirkalo kuna duara la saruji lenye herufi kubwa nyeupe, likaanza kuleta helikopta yake kila Dabaso alipoita kwa redio. Waliopasukiwa na kidole tumbo, waliovunjika, waliokwama katika kujifungua, wote walipelekwa kwenye hospitali ya mkoa na wengi wao walirudi wakitembea. Kwa muda wa karibu mwaka mzima watu wa Dirkalo walikufa kwa uzee tu, jambo ambalo halikuwa limezoeleka.

Kisha kiwanja kikafungwa.

Walikuja askari na afisa mmoja, na lori la seng'enge, na kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Walizungushia seng'enge duara zima, wakaweka geti, wakalifunga. Afisa akazunguka akikagua, akaridhika, kisha uso wake ukakunjamana.

"Helikopta huingilia wapi?" alimuuliza Dabaso.

"Juu, Afande."

Afisa akatazama juu. Anga ilikuwa wazi, buluu, bila hata wingu moja la kusingizia.

"Huko juu hakuna mlango?"

"Hakuna."

"Nani alikijenga hivi?"

"Wizara, Afande."

Afisa alitafakari jambo hilo kwa muda, akaona si la kuulizia zaidi. Akamwacha pale Koplo Mnyampaa, kijana wa watu kutoka kusini ambaye hakuwa amewahi kuona joto la namna ile, akampa filimbi na kiti cha plastiki. Kazi yake ilikuwa kutazama juu na kuipulizia filimbi helikopta yoyote itakayojaribu kushuka. Getini kukatundikwa kibao: KIWANJA KIMEFUNGWA KWA SABABU ZINAZOJULIKANA. NI MARUFUKU KUSHUKA, KUPAA, KUPIGA PICHA NA KUULIZA.

Watu walikisoma kibao hicho, wasiojua kusoma wakasomewa, na kila mmoja akamgeukia mwenzake kuona kama yeye ndiye anayezijua.

Dabaso alikwenda kwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Tindwa, ambaye ofisi yake ilikuwa na feni mbili zilizoelekezwa kwenye kiti kimoja.

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu kiwanja."

"Najua."

"Nina mgonjwa ameanguka kisimani, mfupa wa paja umevunjika vibaya. Naomba kujua tatizo ni nini, pengine tunaweza kulirekebisha."

Mheshimiwa Tindwa aliinuka, akafunga dirisha, akakaa. "Tabibu, swali lako ni zuri sana. Ndiyo maana ni la hatari. Nani amekutuma uliulize?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa ametumwa na nani?"

Dabaso alimtazama kwa ile namna yake. Na katika kumtazama akaona kitu kilichomshangaza: jasho jembamba juu ya mdomo wa Mheshimiwa, pamoja na feni zote mbili. Mtu huyu hajui, aliwaza. Hajui, na ananipima kuona kama mimi ninajua.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa Wilaya alipokea amri kutoka mkoani, akadhani mkoa unajua. Mkoa ulipokea kutoka wizarani. Wizara ilikuwa imeambiwa kwamba wilaya ndiyo iliyoomba. Kila mmoja angeweza kuuliza, lakini katika nchi ile kuuliza jambo la siri ni kukiri kwamba hukuambiwa, na asiyeambiwa leo huwa hayupo kazini kesho. Kwa hiyo wote walitikisa vichwa kwa uzito, wakasema "sababu za kiusalama", wakatazama dirishani.

Mgonjwa wa paja, mzee Boru, alipakiwa kwenye lori la mbuzi lililokuwa likienda mkoani. Alikufa kabla ya kufika nusu ya njia. Katika taarifa ya wilaya iliandikwa kwamba amehama.

Baada ya hapo shaka iliingia Dirkalo kama vumbi, bila kubisha hodi. Wengine walisema chini ya saruji kuna dhahabu. Wengine walisema Waziri ana shemeji mwenye malori. Muuza chai wa sokoni, Guyo, aliapa kwamba ile herufi nyeupe inaonekana kutoka nchi jirani, na majirani wameisoma vibaya wakatukasirikia. Halafu mazungumzo yakaanza kusogea karibu na nyumbani. Nani hapa mjini ana redio ya kuitia helikopta? Nani alikwenda ofisini kwa Mheshimiwa, dirisha likafungwa? Dabaso aliona watu wakipunguza sauti anapopita, naye akaanza kujiuliza ni nani anayeyachochea. Akamshuku Guyo. Guyo alikuwa amemshuku kabla yake.

Lokho peke yake hakubadilika. Mimba yake ilikuwa imekuwa kubwa mno, na Dabaso alipompima alisikia mioyo miwili.

"Wawili," alimwambia. "Na mmoja amelala vibaya. Lokho, wiki hizi za mwisho ungeshuka mkoani ukakae kwa ndugu."

"Na ngamia atawakamua nani? Wewe?" Alicheka. Mumewe alikuwa mbali na mifugo, malishoni. "Kiwanja si watafungua tu. Watu hawawezi kukasirikia saruji milele."

Hawakufungua. Badala yake serikali, iliposikia kwamba watu wa kaskazini wananong'ona, iliunda Tume Maalumu ya Kuchunguza Minong'ono Kuhusu Kufungwa kwa Kiwanja. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mstaafu Kasabuku, mtu mnene, mwenye heshima zake, ambaye alikuwa ameongoza tume nyingi na hakuna hata moja iliyowahi kugundua chochote.

Siku Tume ilipowasili, Lokho alikuwa na uchungu tangu jana yake. Mtoto wa kwanza alikuwa amelala mkingamo na hakuwa na nia ya kugeuka. Dabaso alikuwa amejaribu yote aliyofundishwa na machache ambayo hakufundishwa. Mama mkwe wa Lokho, Mama Jilo, alikaa kando ya kitanda akimpangusa jasho, na kila Dabaso alipotoka nje alimfuata kwa macho.

Ndipo ukasikika mlio.

Dabaso alitoka mbio. Juu ya mji ilikuwapo helikopta, kubwa, ya kijani, inazunguka. Koplo Mnyampaa alikuwa amesimama juu ya kiti chake cha plastiki akipuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Helikopta ilimtii. Ilikipita kiwanja cha hospitali, ikasogea hatua chache, ikashuka kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, ikang'oa goli moja na kutawanya nguo za mwalimu zilizokuwa kwenye kamba.

Kumbe inaweza kushuka popote. Dabaso alisimama katikati ya vumbi akiwa na wazo hilo moja.

Jaji aliteremka akishikwa mkono na daktari wake mwenyewe, aliyekuja kwa ajili ya presha yake. Mheshimiwa Tindwa alikuwa tayari mbele yake, ameinama. Kabla kapeti halijatandikwa vizuri, Dabaso aliwafikia.

"Mheshimiwa Jaji, nina mama anakufa pale wodini. Watoto wawili tumboni. Akipandishwa humu sasa hivi watapona wote watatu. Nakuomba."

Jaji alimsikiliza kwa upole mkubwa. "Tabibu, moyo wangu uko pamoja na mama huyo. Lakini helikopta hii ni ya Tume. Imeletwa kuchunguza kwa nini watu wanalalamika kwamba hakuna helikopta. Nikibeba mgonjwa, nitakuwa nimeingilia ushahidi."

"Ataanza kutokwa na damu, Mheshimiwa."

Jaji, aliyekuwa ameanza kuondoka, akasimama. Kitu kilikuwa kimemjia. "Huyu mama. Alijuaje kwamba tunakuja leo?"

"Hakujua. Ni uchungu wa kuzaa."

"Mimba yake ina muda gani?"

"Miezi tisa."

"Na kiwanja kilifungwa lini?"

Mheshimiwa Tindwa alihesabu kwenye vidole, akamnong'oneza. Wajumbe wa Tume wakatazamana. Mmoja akasema taratibu kwamba hali hiyo inafanana mno na kitu ambacho bado hakijulikani, na wengine wakakubali kwamba inafanana nacho.

Dabaso aliwatazama mmoja mmoja. Aliona lile jasho jembamba tena, juu ya midomo ya watu wazito kabisa kutoka mji mkuu. Hata hawa hawajui. Wamekuja hadi hapa wakitarajia sisi tutawaambia. Na palepale, bila kupanga, akafanya jambo ambalo angelifikiria kwa maisha yake yote yaliyobaki. Alimsogelea Jaji, akateremsha sauti.

"Mheshimiwa, nilikuwa nimekatazwa kusema. Huyu mwanamke anajua."

"Anajua nini?"

"Ile sababu."

Uso wa Jaji haukutikisika, kwa sababu ulikuwa uso uliofundishwa. Lakini masikio yake yalibadilika rangi. Angeuliza "sababu ipi?", angekuwa ametangaza mbele ya Tume nzima kwamba Mwenyekiti hajui. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitishiwa jambo la zamani.

"Nilishuku," alisema. "Anajua yote?"

"Yote. Lakini hapa hawezi kusema, masikio ni mengi. Na akifa leo, atakufa nayo."

Basi mambo ya serikali ile, ambayo kwa mgonjwa yalikwenda kwa mwendo wa kinyonga, kwa mshukiwa yalikwenda kwa mwendo wa swala. Machela ilipatikana. Askari wanne walipatikana. Daktari wa Jaji aliamriwa aiache presha na kuhakikisha mshukiwa haagi dunia kabla ya kuhojiwa. Koplo Mnyampaa, kwa aibu kubwa, alimfunga Lokho pingu mkono mmoja kwenye ubao wa machela, akisema "samahani, mama, samahani" kila pingu ilipolia.

Mji mzima ulikuwa umekusanyika uwanjani. Jaji aliona hadhira, na mtu wa cheo chake hawezi kuiacha hadhira ikae bure.

"Wananchi," alisema, "serikali yenu haijalala. Kwa taarifa ya siri tuliyopewa na Tabibu Wario, ambaye namtaja hapa ili mumpongeze, tumemkamata mwanamke huyu anayehusika na kufungwa kwa kiwanja chenu."

Lokho, katikati ya maumivu, aligeuza kichwa. Alimtafuta Dabaso katika kundi la watu, akampata. Dabaso alifungua mdomo, akamwona Mheshimiwa Tindwa amesimama kando yake anamsikiliza, akaufunga. Neno moja la kweli, na machela ingerudishwa wodini.

Helikopta ilipaa. Goli la pili likaanguka.

Mama Jilo ndiye aliyemjia kwanza. Alikuja taratibu, akasimama mbele yake, akamtazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Umekunywa maziwa ya mwanangu miaka yote hii," alisema, akaondoka.

Siku ya tatu redio ya taifa ilitangaza katika taarifa ya habari ya mchana kwamba mshukiwa mkuu wa suala la kiwanja amefanyiwa upasuaji katika hospitali ya jeshi na amejifungua salama washukiwa wawili, wa kiume na wa kike. Watoto hao, mtangazaji alisema, wanaendelea vizuri na wanaisaidia polisi katika uchunguzi.

Dabaso aliisikia habari hiyo akiwa peke yake ofisini. Aliweka kichwa juu ya meza na kulia kwa furaha, na alipomaliza kulia akatambua kwamba hana mtu wa kumwambia.

Maana nani angemwamini? Na hata angeaminiwa, mtu mmoja angeongea na mwingine, na mwingine ana shemeji polisi, na Lokho angali mikononi mwao. Akanyamaza. Guyo hakumnyima chai. Alimpa, akakataa malipo, kama watu wanavyofanya kwa mtu wanayemwogopa. Hilo lilimuuma kuliko kunyimwa.

Lakini watu wa Dirkalo si wajinga. Walikuwa wameona kwa macho yao wenyewe kwamba helikopta haichukui wagonjwa, inachukua washukiwa. Mzee mmoja mwenye mawe kwenye figo alikwenda kituoni akajitangaza jasusi. Mwalimu mkuu, ambaye jicho lake moja lilikuwa linazimika, alikiri kuiuza nchi, na alipoulizwa ameiuza kwa nani alijibu kwamba hakumwona vizuri. Mheshimiwa Tindwa mwanzoni alifurahi, kisha akashuku. Alituma ombi la helikopta nyingine, akajibiwa kwamba wilaya yake imekwisha kutoa washukiwa wa kutosha kwa mwaka huo, na kwa nini wilaya moja ina wasaliti wengi hivyo, na je, yeye mwenyewe alikuwa wapi? Tangu hapo akaacha kukamata. Mwenye mawe alirudishwa nyumbani kwa kukosa ushahidi, akiwa amejikunja.

Miezi ikapita, Lokho hakurudi. Dabaso aliomba ruhusa, akapanda malori, akafika mji mkuu amekuwa rangi ya barabara. Jaji Kasabuku alimpokea kwenye bustani yake, mchana, penye vinywaji baridi. Ripoti ya Tume ilikuwa imekwisha kutoka na kusifiwa. Iligundua kwamba kiwanja kilifungwa kwa sababu nzuri, ikapendekeza sababu hiyo nayo ifungwe.

"Mheshimiwa Jaji, nimekuja kukiri," Dabaso alisema. "Yule mama hajui kitu. Nilikudanganya ili apate helikopta. Niadhibu mimi, umwachie yeye na watoto."

Jaji alikunywa kidogo, akapangusa mdomo. "Tumemhoji, unajua. Kila siku tunamuuliza, 'Unajua nini?' Anasema hajui. Hajabadilika hata mara moja. Wahojaji wangu wanasema hawajawahi kukutana na mtu aliyefundishwa vizuri namna ile."

"Ni kwa sababu hajui, Mheshimiwa."

"Tabibu. Kama hajui, basi mimi nimempakia muuza maziwa kwenye helikopta ya taifa, nikampa daktari wangu, nikaandika kwamba nimepata mzizi wa jambo. Unataka niwe nimepata nini?"

Mtumishi alikuja akachukua glasi, akaenda. Jaji aligeuka nyuma kuhakikisha amekwenda kweli, kisha akainamisha kichwa karibu na cha Dabaso, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, mzee na mchovu.

"Hebu niambie, baina yetu. Walikifungia nini?"

"Sijui, Mheshimiwa. Naapa."

Jaji alimtazama kwa muda. Kisha akatabasamu kwa huzuni, akarudi nyuma kwenye kiti chake. "Vizuri," alisema. "Na wewe pia wamekufundisha."

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya. Ilipofika Sikukuu ya Taifa, Mheshimiwa Rais alitoa msamaha kwa wafungwa ambao makosa yao bado yanatafutwa, na jina la Lokho likawamo, pamoja na majina ya watoto wawili ambao walikuwa wameanza kuota meno. Walipewa nauli ya basi hadi mahali basi linapoishia.

Lokho alirudi Dirkalo juu ya lori la unga. Mji ulitoka kumpokea kwa vigelegele. Mumewe alichinja dume la mbuzi. Dabaso alisimama mlangoni mwa hospitali, mbali kidogo, akawahesabu: mama mmoja, watoto wawili, wote wanatikisa miguu. Akaingia ndani.

Alifikiria kwenda kwa Lokho akamweleze. Alifika hadi kwenye boma lake mara moja, akamkuta Koplo Mnyampaa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, kwa kuwa msamaha ule ulitolewa kwa sharti la kuangaliwa. Koplo alimsalimia kwa adabu na kumwuliza amekuja kwa shauri gani. Dabaso akasema alikuwa anapita.

Siku ya chanjo, akina mama walipanga foleni kwenye baraza la wodi. Lokho alikuja na watoto wake, mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Alipofika mezani hakumsalimia Dabaso, na Dabaso hakuthubutu kuanza. Alitayarisha sindano.

Lokho alimfungua aliye mgongoni, yule wa kike, akamtazama tabibu. Alimtazama sana, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Wale wa foleni walikuwa wanasikiliza. Koplo naye, pale mlangoni, alikuwa anasikiliza.

Lokho akamsogezea Dabaso yule wa kiume. "Nishikie huyu," alisema. "Mshike vizuri. Ni mzito."

Dabaso akaweka sindano chini, akampokea.